VETA: Miaka 30 ya Kumtafuta Mwajiri

Machi 2025 Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliadhimisha miaka 30 tangu ianze kazi. Shughuli zilifanyika Dar es Salaam, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, na taarifa zilizotolewa zilijaa majengo: vyuo vipatavyo 80 vinavyofanya kazi, na vingine 65 vilivyokuwa vikijengwa, 64 vya wilaya na kimoja cha Mkoa wa Songwe. Ni hesabu ya kujivunia. Hata hivyo, sheria iliyoizaa VETA ilitungwa wakati ambapo vyuo vilikuwepo, walimu walikuwepo na vyeti vilitolewa kila mwaka. Aliyekosekana ni mwajiri. Anayetaka kuipima taasisi hii kwa haki lazima aulize imemtafutaje mwajiri huyo, wapi imempata, na wapi bado inabahatisha.

Kabla ya 1974

Serikali haikuwa ya kwanza kufundisha ufundi katika nchi hii. Mafundi wa majahazi wa pwani walirithishana kazi ndani ya ukoo karne kwa karne. Bagamoyo, kuanzia mwaka 1868, wamisionari Wakatoliki waliwafundisha useremala, uhunzi na uashi watu waliokombolewa kutoka utumwani. Baadaye Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda walijenga karakana zilizotoa mafundi walioenea kusini yote.

Serikali ya kikoloni iliingia rasmi mwaka 1940, Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipopitisha sheria ya kusimamia mafunzo ya wanagenzi viwandani. Reli, bandari na Idara ya Kazi za Umma zilihitaji watu wa kushika spana, na njia fupi ya kuwapata ilikuwa kumfunga kijana kwa mkataba chini ya fundi mzoefu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja shule za ufundi. Ya Ifunda, mkoani Iringa, ilianzishwa mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Poland wakati wa vita. Nyingine ilijengwa Moshi.

Katika mpango ule, mafunzo na soko vilishikamana, kwa kuwa mwajiri ndiye aliyekuwa mwalimu. Lakini soko lenyewe lilikuwa dogo na la kibaguzi. Nafasi za ufundi wa juu zilishikwa na Wazungu na Waasia, na Mwafrika aliyejua kazi vizuri mara nyingi alibaki kuwa saidia fundi. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilirithi reli, mitambo na majengo, na mafundi wake wa kuvitunza walikuwa wachache mno.

Sheria ya 1974 na enzi ya viwanda vya umma

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa serikali. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza kazi Ubungo kwa msaada wa China. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975. Mashirika ya umma yaliongezeka, na kila moja lilitaka mafundi mitambo, mafundi umeme, waungaji vyuma na mafundi bomba.

Ndipo mwaka 1974 sheria ya mwaka 1940 ikafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi. Sheria hiyo iliunda Idara ya Taifa ya Mafunzo ya Ufundi Stadi ndani ya Wizara ya Kazi, ikapewa jukumu la kuratibu mambo mawili: mafunzo ya msingi vyuoni na uanagenzi viwandani. Vyuo vya taifa viliongezeka, kile cha Chang'ombe jijini Dar es Salaam kikiwa miongoni mwa vilivyojulikana zaidi, na nchi za Skandinavia zilikuwa wafadhili wakubwa wa kazi hiyo.

Utaratibu ulikuwa rahisi kueleweka. Kijana alianza na mafunzo ya msingi chuoni, akajifunza kupima, kukata, kupiga tupa na kusoma mchoro. Kisha alipelekwa kiwandani akawa mwanagenzi kwa miaka kadhaa, akifanya kazi halisi chini ya fundi mkuu. Ngazi zake zilikuwa majaribio ya ufundi, ambayo mafundi waliyaita tredi testi: Daraja la Tatu, la Pili, kisha la Kwanza. Mwenye Daraja la Kwanza aliheshimika kiwandani kuliko wengi waliokaa ofisini. Mpaka leo wazee wa karakana wakitaka kujua uzito wa fundi huuliza kwanza ana gredi ngapi.

Mpango huu ulifanya kazi kwa sababu serikali ilikuwa pande zote mbili. Ndiyo iliyofundisha na ndiyo iliyoajiri. Mipango ya serikali ikisema kiwanda kitajengwa Mwanza au Morogoro, idara ya mafunzo iliweza kukadiria mafundi watakaohitajika. Soko la ajira lilikuwa karatasi ya mpango wa miaka mitano, na kwa muda karatasi hiyo ilitosha.

Kwa vijana wa vijijini kulikuwa na njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianzisha vituo vya ufundi vilivyopokea waliomaliza elimu ya msingi bila kupata nafasi ya sekondari. Walifundishwa useremala, uashi, uhunzi na ushonaji ili wakajiajiri vijijini kwao. Wazo lilikuwa zuri na lilifuata Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere. Lakini kijana alitoka na ujuzi bila zana, bila mtaji, na katika kijiji ambacho wateja wake hawakuwa na fedha za kununua kabati. Onyo lilikuwa limetolewa mapema: hata kujiajiri kuna soko lake, na soko hilo lazima liulizwe.

Karatasi inapochanika

Kisha ikaja miaka ya 1980. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula hazina, na fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi hazikuwepo. Viwanda vilifanya kazi chini sana ya uwezo wake. Kiwanda kinachosimama wiki kwa wiki hakina cha kumfundisha mwanagenzi, na hakina sababu ya kumwajiri akihitimu. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu masharti ya kurekebisha uchumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa na wafanyakazi wengi wakapunguzwa.

Kwa mafunzo ya ufundi, kipigo kilikuwa kikubwa kuliko kilivyoonekana. Mwajiri mkuu aliondoka, na pamoja naye ikaondoka nusu ya pili ya mafunzo, yaani ile miaka ya kiwandani. Vyuo viliendelea kudahili kwa fani zilezile na kwa mtaala uleule. Wahitimu walitoka wakiwa na ujuzi wa kutunza mitambo ambayo ama ilikuwa imekufa ama ilikuwa ikibadilishwa na mwekezaji mpya. Wakati huohuo gereji zilikuwa zikichipuka chini ya miembe, mafundi redio walikuwa wakifungua vibanda, na nyumba za watu binafsi zilikuwa zikijengwa kila upande wa miji. Kazi zilikuwepo, ila hazikuwa mahali ambapo vyuo vilizoea kutazama.

Sheria Namba 1 ya 1994

Jibu la serikali lilikuwa Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, Namba 1 ya mwaka 1994. Idara ya wizara ikawa mamlaka yenye bodi yake, na katika bodi hiyo waajiri na wafanyakazi wakapewa viti pamoja na serikali. Nchi iligawanywa katika kanda ili maamuzi yafanywe karibu na uchumi wa mahali, kwa kuwa fani inayohitajika Mtwara si lazima ihitajike Mwanza. Na sheria ikatamka lengo ambalo zile za nyuma hazikulazimika kulitaja: mafunzo yafuate mahitaji ya soko la ajira.

Jambo zito zaidi lilihusu fedha. Sheria ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi wanne au zaidi alipe asilimia 2 ya jumla ya mishahara kwa ajili ya mafunzo ya ufundi. Hoja yake ilikuwa ya haki: anayefaidika na fundi achangie kumfundisha, na anayechangia awe na sauti katika kinachofundishwa. Kwa mara ya kwanza mafunzo ya ufundi yalipata mfuko usiotegemea kabisa bajeti ya serikali wala mfadhili wa nje.

Tozo hiyo, ijulikanayo kama tozo ya kuendeleza ujuzi, imekuwa na safari yake. Ilifika asilimia 6, theluthi moja ikienda VETA na sehemu iliyobaki ikitumika kwa shughuli nyingine za serikali, ikiwemo mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Waajiri, kupitia chama chao cha ATE, hawakuchoka kulalamika kwamba mzigo ni mkubwa na kwamba sehemu kubwa ya fedha haiwarudii kwa sura ya mafundi. Serikali iliishusha hadi asilimia 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, na kufikia 3.5 mwaka 2023. Kiwango kimepungua, na mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 10 hadaiwi tena. Lakini hoja ya msingi ya waajiri haikuwa kiwango peke yake. Mtu anayelipa tozo bila kuona inapokwenda huanza kuiona kuwa kodi kama nyingine, na mlipa kodi hajioni kuwa mdau wa chuo.

Kujifunza kusikiliza

VETA ilijijengea njia za kulisikia soko. Ya kwanza ni utafiti wa soko la ajira katika mikoa, kujua waajiri wanatafuta nini kabla ya kuamua fani za kuanzisha. Ya pili ni kamati za ushauri za fani, ambamo watu wa viwandani huketi na watunga mitaala na kueleza fundi wa kazi fulani anatakiwa kuweza kufanya nini. Ya tatu ni mafunzo yanayozingatia umahiri: mwanafunzi hapimwi kwa miaka aliyokaa darasani, hupimwa kwa kazi anayoweza kuifanya mbele ya mpimaji, na vyeti vipya vya Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi, ngazi ya kwanza hadi ya tatu, vikachukua nafasi ya tredi testi.

Njia hizi zilileta nidhamu, lakini kila moja ina pengo lake. Utafiti huzeeka haraka: mtaala unaochukua miaka kuandikwa na kuidhinishwa hulikuta soko limeshahama. Kamati hutegemea mwajiri kumtoa mtu wake bora kwa siku kadhaa bila malipo ya maana. Na umahiri haupimiki bila vifaa. Fundi magari aliyefundishwa kwenye injini ya kabureta atafika gereji na kukuta gari linalosomwa kwa kompyuta. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, lakini wao hawakuwa na gari lenye sensa.

Kuna pia uzito wa gharama. Darasa la ushonaji huanzishwa kwa vyerehani vichache, ilhali karakana ya mitambo mizito inataka mamilioni mengi. Chuo chenye bajeti finyu huvutwa kwenye fani za bei nafuu, hata kama mtaa mzima umeshajaa mafundi cherehani. Hapo soko haliulizwi tena, kwa kuwa stoo imeshajibu.

Moshi na Mtwara

Mifano miwili ya miaka ya karibuni inaonyesha tofauti kati ya mwajiri anayeketi mezani na mwajiri anayesubiriwa.

Mwaka 2009 Chemba ya Madini na Nishati, kampuni za migodi na VETA zilianzisha programu ya pamoja ya mafunzo ya ufundi migodini katika chuo cha VETA Moshi. Migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa ilikuwa ikileta mafundi kutoka nje kwa gharama kubwa, kwa kuwa fundi wa hapa hakuwa amewahi kuigusa mitambo ya ukubwa ule. Kampuni zilifadhili wanafunzi, zikachangia vifaa, zikaeleza viwango vya usalama zinavyovitaka, na vijana wakawa wanapishana kati ya karakana ya Moshi na mgodi. Ilikuwa kana kwamba sheria ya 1940 na ile ya 1974 zimekutana upya: chuo kwa misingi, mwajiri kwa kazi halisi. Mwajiri aliyelipa ndiye aliyesubiri wahitimu mlangoni.

Mtwara na Lindi hali ilikuwa nyingine. Ugunduzi wa gesi katika kina kirefu cha bahari kuanzia mwaka 2010 uliamsha matumaini makubwa. Kampuni ya BG na shirika la VSO zilifanya kazi na vyuo vya VETA vya kusini kuinua viwango vya mafunzo, ikiwemo Kiingereza cha kazini, ili vijana wa hapo wasiachwe nje ya neema iliyokuwa ikija. Kuanzia mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ilianguka, wawekezaji wakasitasita, na kiwanda cha kusindika gesi kimiminika kilichopangwa Likong'o, Lindi, hakijajengwa hadi leo. Mafunzo yalikuwa mazuri. Soko ndilo lililochelewa.

Somo la kusini halimaanishi kwamba ilikuwa makosa kujiandaa. Aliyejifunza uungaji vyuma kwa kiwango cha juu anaweza kufanya kazi katika ujenzi wa reli ya kisasa, au katika bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga. Aliyefundishwa kazi moja finyu ya mradi mmoja hubaki na mradi huo. Mradi huja na kuondoka, hivyo msingi wa fani lazima uwe mpana na utaalamu wa mradi uje juu yake.

Mwajiri ambaye hakuhesabiwa

Tangu mwanzo wa hadithi hii, mwajiri aliyetafutwa ni yule mwenye geti, sare na hesabu za mishahara. Lakini idadi kubwa ya mafundi wa Tanzania hawajawahi kupita getini. Wamefundishwa na fundi wa mtaani, kwenye gereji bubu, kwenye vibanda vya useremala vya Keko, kwenye karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam. Kijana huanza kwa kuosha vipuri na kutumwa chai, akawa saidia fundi, na siku moja akaachiwa kazi ya mteja peke yake. Huo ni uanagenzi kamili, ila hauna mkataba, hauna mtaala na hauna cheti.

VETA ilianza kuuhesabu ujuzi huu rasmi kupitia utaratibu wa urasimishaji, uliojaribiwa kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani tangu karibu mwaka 2010. Wapimaji humfuata fundi, humtazama akifanya kazi, humuuliza kwa nini amefanya hivi na si vile, humwonyesha mapungufu yake na kumpa mafunzo ya kuyaziba, kisha humpatia cheti. Kwa seremala au fundi magari aliyefanya kazi miaka kumi, cheti hicho hufungua mlango wa zabuni, wa kampuni na wa mafunzo ya ngazi ya juu. Mwaka 2016 VETA na kampuni ya Airtel zikazindua VSOMO, programu ya simu inayomwezesha mtu kusoma nadharia popote alipo na kwenda chuoni kwa vitendo. Fundi ambaye hawezi kufunga kibanda chake miezi sita aliweza sasa kuongeza ujuzi bila kupoteza wateja.

Serikali nayo imeurudia uanagenzi kwa jina lake. Mkakati wa Taifa wa Kukuza Ujuzi wa miaka kumi, kuanzia 2016/17 hadi 2026/27, umeuweka mbele. Mwongozo wa taifa wa uanagenzi ulitolewa mwaka 2017. Na ofisi iliyokuwa ikishughulikia kazi na vijana chini ya Waziri Mkuu ilikuwa ikiwalipia vijana ada ili wajifunze fani vyuoni na mahali pa kazi. Katika hoteli, Chuo cha Taifa cha Utalii kilikuwa kimeanza mapema zaidi, kikigawana wanafunzi na hoteli zenyewe kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Hayo yote yalikuja wakati takwimu zikisema wazi ukubwa wa kazi: utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu asilimia 80 ya wafanyakazi wa Tanzania walikuwa katika ngazi ya chini ya ujuzi.

Nyumba mbili

VETA ilizaliwa katika familia ya kazi na ikalelewa na familia ya elimu. Serikali ya Awamu ya Nne ilipounda Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi mwaka 2006, mamlaka ilihamia huko baadaye, huku masuala ya ajira na uanagenzi yakibaki upande wa kazi. Uhamisho huo uliinua hadhi ya ufundi kama elimu na ukafungua ngazi kutoka cheti cha fundi stadi hadi elimu ya juu. Gharama yake ni kwamba anayefundisha na anayejua nani anaajiri hukaa katika ofisi mbili, na taarifa hutembea kwa barua.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliongeza jambo jingine: usimamizi wa mafunzo ya ufundi stadi ukahamishiwa kwenye baraza linaloitwa sasa NACTVET, na VETA ikabaki na kazi ya kufundisha. Ni sahihi kwamba mchezaji asiwe mwamuzi. Kisha Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, ikaleta mkondo wa amali katika sekondari, na baadhi ya shule zikauanza Januari 2024. Sasa maelfu ya watoto watakutana na karakana wakiwa na miaka kumi na nne au kumi na tano. Vyuo vya VETA ndivyo vyenye walimu na vifaa vya kuonyesha njia, na chuo cha ualimu wa ufundi stadi cha Morogoro ndicho kitakachobebeshwa mzigo wa kuwaandaa walimu hao.

Kinachostahili kuhesabiwa

Miaka 85 ya sheria za ufundi nchini inasema jambo moja kwa uwazi. Mafunzo yalifuata soko kila mwajiri alipobeba sehemu ya kazi ya kufundisha: kiwanda cha miaka ya 1970, mgodi wa 2009, hoteli, na fundi wa mtaani ambaye amekuwa akifanya hivyo bila kuombwa. Yalipotea njia kila chuo kilipoachwa kikisie peke yake.

Kwa hiyo vyuo vile 65 vipya visifunguliwe kwa orodha ileile ya fani. Kila chuo cha wilaya kianze na majina ya waajiri na mafundi wa wilaya hiyo waliokubali kupokea wanagenzi, hata kama ni gereji kumi na karakana tano za useremala. Mwajiri anayemfundisha mwanagenzi hadi akafuzu apunguziwe tozo yake, ili fedha hiyo aione ikirudi kwa sura ya fundi. Na kila mwaka VETA itangaze, chuo kwa chuo na fani kwa fani, wahitimu wangapi wanafanya kazi waliyosomea mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Fani isiyopeleka watu kazini ifungwe bila aibu, na vifaa vyake vihamishwe. Taasisi yenye vyuo 80 baada ya miaka 30 haishindwi kuhesabu wahitimu wake.